Sisi Hamsini

Asubuhi ya Jumamosi mama alitoka chumbani kwake akakuta chupa tatu za petroli zimesimama juu ya meza yake ya kukatia nguo. Si chini ya meza, si uani. Juu, kando ya gauni la bibi harusi lililobakiza vifungo tu. Zilikuwa chupa za maji ya kunywa, kila moja imejazwa lita moja kamili na kubandikwa karatasi yenye namba: 50, 125, 150. Nyuma ya chupa, kwenye kiti cha cherehani, alikuwa amekaa mkwe wake, kalamu sikioni, daftari gotini, uso unang'aa kama wa mtu aliyetumwa kuokoa dunia na dunia yenyewe haina habari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Harufu gani hii ndani ya nyumba yangu?"

"Ya utafiti, mama. Usiwashe kiberiti tu."

Mama alilibeba gauni la watu akalitoa nje kwenye kamba, akalipepea kwa mikono yake miwili.

Huyo mkwe alikuwa na jina lake, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Walimwita Bwana Wastani. Alikuwa karani wa ghala la rangi, kazi yake kuhesabu makopo yanayoingia na makopo yanayotoka, na kwa kuwa makopo hayabishi, alishazoea kuamini kwamba kila alichokihesabu ndicho ukweli na kila asichokihesabu hakipo. Ukimpa chai atakwambia nyumba inatumia vijiko vingapi vya sukari kwa kila kichwa. Ukipiga chafya mara mbili atakutajia wastani wako wa wiki. Na nyumba aliyokuwa akiihesabia sukari haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake, aliyeijenga kwa sindano baada ya kufiwa na mume. Bwana Wastani alihamia hapo siku ya tatu baada ya harusi, "kwa miezi mitatu tu, mama, tukijipanga," na sasa ulikuwa mwaka wa tatu, bado anajipanga.

Jambo lililozileta chupa hizo mezani lilikuwa kazi ya binti. Binti huyo ndiye mtoto pekee wa mama. Alikulia chini ya meza ile akichezea vipande vya nguo, na alipofika miaka kumi na miwili alikuwa anakata kola kwa macho bila kupima. Duka aliloshonea lilifungwa, akakaa nyumbani miaka miwili, anapunguza upindo wa suruali za watu na kununa. Sasa kiwanda cha mashuka, kule juu ya kilima, kilikuwa kimemchukua kwenye chumba cha kukatia, kwa majaribio ya miezi miwili. Sharti liliandikwa kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: ukichelewa mara tatu, kadi inachanwa getini. Geti hufungwa saa moja na nusu asubuhi. Basi la kwanza hufika kule saa mbili kasoro.

Kwa hiyo ilihitajika skuta. Binti afike juu ya kilima kabla ya saa moja na nusu, kila siku, kwa miezi miwili. Ndilo jambo zima. Mtoto wa darasa la pili angelielewa bila kuchorewa picha. Bwana Wastani hakulielewa, kwa sababu alishajitafutia swali lake mwenyewe: ipi inakula mafuta kidogo?

Si swali baya. Hata fundi mwenye akili huuliza. Ubaya ni pale mtu anapolishika swali moja kama mlevi anavyoshika nguzo ya taa.

Skuta, kwa asiyejua, hupimwa kwa ukubwa wa injini, na ukubwa huo mafundi na wauzaji huutaja kwa sisi, zile herufi cc. Sisi hamsini ni injini ndogo, ya kupelekea bahasha. Sisi mia na ishirini na tano ni ya katikati. Sisi mia na hamsini ina kifua. Mama hakuyajua hayo. Alisoma mpaka darasa la saba, na katika madarasa yote saba hayo sisi ilikuwa ni mimi na wewe. Basi wiki iliyotangulia, muuzaji alipopiga simu na Bwana Wastani yuko bafuni, mama ndiye aliyeipokea.

"Mama, hiyo skuta mnayoitafuta, mnataka sisi ngapi?"

"Sisi wawili, mwanangu. Binti yangu na mumewe. Mimi sipandi."

Muuzaji alicheka mpaka akakohoa. Akampigia tena Bwana Wastani kumsimulia, na Bwana Wastani akaipeleka hadithi ghalani, kutoka ghalani ikaenda kwenye kibanda cha chai, na siku tatu baadaye watu asiowajua walimpitia mama dirishani wakisema, "Habari za asubuhi, Mama Sisi Wawili!" Mkwe mwenyewe, bila haya, aliirudia mbele ya wateja akishika mbavu: "Mama anadhani sisi ni watu! Ni ujazo wa injini, mama, ni ujazo!"

Mama aliendelea kupinda. Alikuwa na pini sita mdomoni, angesema nini.

Na utafiti wenyewe ulikuwaje? Ile hamsini aliazimwa na muuzaji. Ile mia na ishirini na tano aliazimwa na fundi wa kona, mtu mwenye tumbo kubwa ambaye kila mtu humwita Tangi. Ile mia na hamsini ilikuwa ya mfanyakazi mwenzake. Akazipeleka moja moja kwenye barabara ya kuzunguka uwanja wa mpira, barabara iliyonyooka na kulala kama meza ya kupigia pasi, asubuhi, hakuna upepo, hakuna magari. Akaning'iniza chupa kwenye usukani, akaunganisha mpira mpaka kwenye kabureta, pale injini inaponyonyea mafuta, akapanda peke yake. Yeye na viatu vyake ni kilo hamsini na mbili. Akainama kama anayetafuta shilingi iliyodondoka, akaenda mwendo wa baiskeli, raundi kwa raundi, mpaka lita ikaisha. Kisha akaandika.

Jioni aliibandika karatasi ukutani, juu ya kioo cha wateja. Hamsini: kilomita hamsini na nne kwa lita. Mia na ishirini na tano: arobaini na tatu. Mia na hamsini: thelathini na nane.

"Mmeona?" akasema. "Hii hamsini hainywi, inanusa tu."

Binti alikuwa amesimama na mkasi wake mkononi, ule mkubwa wa kukatia tabaka nene. "Lakini tutakuwa wawili. Na kuna kile kilima."

"Mke wangu, hesabu imeshatoka."

"Imetoka ukiwa peke yako, uwanjani."

"Ndiyo maana ni safi," akasema Bwana Wastani, akamwangalia kwa huruma, kama vile ndiye aliyekosa.

Akanunua hamsini. Ufunguo akaufunga kwenye mkanda wa suruali yake. Binti leseni anayo, aliipata zamani alipokuwa akipelekea wateja wa mama nguo zao kwa skuta ya shangazi yake. Lakini mumewe alisema mkono wa mwanamke unakaba mafuta ovyo, na binti, kwa kupenda amani, akanyamaza. Mama naye akanyamaza. Usimwonee mama huyu huruma nyingi. Aliona. Aliona siku ile ile, pale mezani. Lakini alifundishwa kwamba mkwe ni mtu wa kuinamishiwa macho, na akaona bora ainamishe macho kuliko kuambiwa anavunja ndoa ya mwanawe. Kuna akina mama wengi wa namna hii, wanaweza kufumua gauni zima kwa kosa la nusu inchi, na mbele ya mkwe mpumbavu wanageuka ukuta.

Siku nne za kwanza walifika, kwa kusuasua. Kilomita kumi za barabara, tambarare kisha mteremko mwishoni, mpaka bondeni, ambako ndiko lilikuwa ghala la rangi, kisha kilomita mbili za kilima mpaka kiwandani. Kwenye kilima kile skuta ililia kama mbuzi aliyefungwa mguu. Bwana Wastani alikaba mafuta mpaka mwisho wa mkono, na bado akina mama wenye ndoo waliwapita wakiwasalimu. Siku ya nne jioni alipima, akakuta thelathini na tatu kwa lita. Usingizi ukamruka. Si kwa sababu ya skuta. Kwa sababu ya karatasi yake ukutani.

Siku ya tano, walipofika chini ya kilima, akasimama.

"Shuka kidogo, mke wangu."

"Kuna nini?"

"Hapa ndipo wastani unapoharibika. Panda kwa miguu, ni pafupi. Mazoezi pia."

"Saa hii ni saa moja na dakika kumi!"

"Basi unachelewa kwa kuongea."

Alipanda kwa miguu, na mume wake akageuza kwenda ghalani mita mia moja mbele, anaangalia geji ya mafuta. Binti alifika geti limefungwa dakika sita. Mlinzi wa geti, mzee mwenye koti lisilo na kifungo hata kimoja, alitoboa kadi yake tundu la kwanza. "Binti yangu," akamwambia, "mimi sina ubaya na wewe. Ni hii saa."

Nyumbani Bwana Wastani alipata dawa: watoke mapema zaidi ili mke apande kilima kwa miguu, na mizigo ipungue. Kila kilo inakula mafuta, alisema. Akapima mkoba wa binti kwa mizani ya kuning'iniza, akatoa chakula chake cha mchana, akatoa mwavuli, kisha akautoa mkasi.

"Mkasi huu ni kilo nzima na robo."

"Ni kazi yangu huo."

"Kiwandani hawana mikasi?"

Wanayo. Butu, ya kugombaniwa. Binti akaenda bila mkasi, sawa na fundi uashi kwenda bila mwiko, na msimamizi akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Wiki ya sita ikaja hesabu ya robo lita. Bwana Wastani alikuwa ameamua kwamba mafuta ndani ya tangi ni uzito wa bure, kwa hiyo kila safari alitia yale tu yanayohitajika, kwa kipimo cha dawa ya kikohozi. Hamsini na nne kwa lita, basi robo lita ni kilomita kumi na tatu na nusu, safari mpaka bondeni ni kumi, inabaki kilomita tatu na nusu ya akiba. Alimweleza mama hesabu hiyo akiwa anajipangusa mikono kwa kitambaa cha bitana.

"Hizo hamsini na nne si ulikuwa peke yako, mwanangu?" mama akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mama, na heshima zako zote, hili ni la kitaalamu."

Kwenye kilomita ya tisa skuta ikakohoa mara mbili, ikafa. Hakuna kituo cha mafuta karibu. Binti alikimbia, akapata lifti ya gari la magodoro, akafika kachelewa dakika kumi na moja. Tundu la pili.

Jioni hiyo binti hakula. Alikaa chini ya meza ya kukatia, mtu mzima, pale pale alipokuwa akikaa mtoto. Mama alimwona nyayo tu zimetokeza, na ndipo kitu kilipomkatika ndani.

Jumapili, mkwe akiwa amelala mchana, mama alivaa viatu vyake vya kutokea akamshika binti mkono wakaenda kwa Tangi. Fundi alikuwa amelala chali chini ya pikipiki, tumbo limebaki nje.

"Fundi, naomba uniambie kitu, ila usinicheke."

"Nikicheka kitanibana hiki chuma. Sema."

"Hivi injini ndogo siku zote inakula kidogo?"

Tangi akajivuta nje, akakaa, akajifuta pua kwa kiwiko. "Mama, chukua cherehani yako ndogo ile ya kupindia. Kitambaa chepesi inakwenda yenyewe, si ndiyo? Sasa iingize jinzi tabaka nne. Inakuwaje?"

"Inapiga kelele, inapata moto, uzi unakatika, unarudia."

"Na ile cherehani kubwa?"

"Inapita tu."

"Umemaliza. Injini ndogo ikibeba mmoja mwembamba kwenye tambarare, inanusa. Ibebeshe wawili na kilima, inakaa mdomo wazi njia nzima, inabugia. Ile ya mia na ishirini na tano inapanda huku imefunga mdomo." Akacheka, na alipocheka mtaa mzima ulijua. "Ndiyo maana swali la kwanza ni lile lako uliloulizwa kwenye simu. Sisi ngapi? Sisi wawili! Wewe ulijibu sawa, mama. Waliokucheka ndio hawakujua wanaulizwa nini."

Mama hakujua aweke wapi uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu simu ile mtu kumwambia amejibu sawa.

"Tupime basi," akasema.

Binti akachomoa ufunguo wa pili kwenye kifuko chake cha pini, ule uliokuja na skuta na ambao mumewe alidhani umepotea. Tangi akawapandisha wote wawili kwenye mizani yake ya kupimia vyuma chakavu, kwanza pamoja, kisha mmoja mmoja. "Kilo mia na ishirini na saba. Nyinyi wawili mmezidi kidogo wewe na mumeo, binti, lakini mvue mama viatu hivyo mtalingana." Akaning'iniza chupa, akafunga mipira. Binti akaendesha, mama akapanda nyuma, amekumbatia kiuno cha mwanawe na kufumba macho, anaapa kwamba akirudi mzima hatarudia. Wakaenda njia yenyewe ya kazini, tambarare na kilima, kwenda na kurudi, na tena, kwanza kwa hamsini, kisha kwa mia na ishirini na tano ya Tangi. Kwenye kilima, ile ya pili ilimpandisha mama mpaka akafumbua macho.

Mama aliandika mwenyewe, kwa chaki ya kushonea, kwenye karatasi ya khaki ya kuchorea ruwaza. Watu wawili na kilima. Hamsini: ishirini na tisa. Mia na ishirini na tano: thelathini na saba. Dakika za kupanda kilima: tisa, na tatu na nusu.

Jioni aliitandaza karatasi mbele ya mkwe. Tangi alikuwa tayari kubadilishana nao, wampe hamsini awape yake, alikuwa na mteja mwembamba wa kupeleka barua.

Bwana Wastani aliisoma karatasi huku nyusi zinapanda.

"Nani kafanya hivi?"

"Sisi," mama akasema.

"Na mlipimaje?"

"Kwenye njia yenu. Mpaka getini."

"Mlipanda wangapi?"

"Wawili."

Akaiweka karatasi chini kwa vidole viwili, kama utambi wa taa ulioungua. "Basi haihesabiki. Utafiti haufanywi na watu wawili juu ya chombo. Mmeharibu!"

"Kwani nyinyi mnapanda wangapi, mwanangu?"

"Hilo ni suala jingine, mama."

"Jingine lipi?"

"Mama, hujui hata sisi ni nini. Tafadhali. Watu wanatucheka."

Mama akamwangalia binti. Binti akaangalia sakafu. Hapo, pale pale, mama angeweza kuunyosha mkono na kusema: leta huo ufunguo, nyumba ni yangu, mtoto ni wangu. Akaikunja karatasi mara nne. Alichokipata ni ahadi tu: kwa wiki mbili zilizobaki, Bwana Wastani atampandisha mkewe kilima chote mpaka getini, wastani na uharibike. Aliitoa ahadi hiyo kwa uso wa mtu anayetoa figo.

Siku tisa aliitimiza, ananung'unika. Zikabaki siku tatu. Siku tatu tu, wasichana wa chumba cha kukatia wameshaanza kumwita mwenzetu, na msimamizi ameshamwonyesha kabati lake. Siku ya kumi, kwenye mteremko wa kuingia bondeni, Bwana Wastani akazima injini.

"Unafanya nini!" binti akapiga kelele mgongoni kwake.

"Mteremko ni bure! Ninarudisha nilichopoteza kilimani!"

Waliserereka kimya kimya mteremko wote, bila injini, hawana cha kuwashika ila breki mbili nyembamba, lori la mchanga nyuma yao linapiga honi, mpaka wakasimama chini kabisa. Akabonyeza kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Binti akaangalia saa: saa moja na dakika kumi na sita.

"Sukuma kidogo," akasema mumewe.

Binti hakusukuma. Alivua kofia ngumu akamwekea mapajani, akavua viatu, akakimbia. Kilomita mbili za kilima, pekupeku, kokoto. Alipita kibanda cha mwuza maji, alipita ukuta wa shule, mbavu zinamchoma. Alipofika, geti lilikuwa limefungwa dakika tatu. Yule mzee wa koti lisilo na vifungo alikuwa ameishika kadi tayari, na hakuweza kumtazama. Aliichana taratibu sana, kama mtu anayefumua mshono ili asiharibu kitambaa.

Saa nne asubuhi mama alimwona anaingia, miguu imepasuka. Hakumwuliza. Alichemsha maji akatia chumvi, akapiga magoti, akamwosha nyayo, akimtoa kokoto moja moja kwa kibano cha kutolea nyuzi.

Saa kumi na moja Bwana Wastani aliingia anapiga mluzi. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, akafungua daftari.

"Leo tumevunja rekodi," akasema. "Sitii chumvi. Hamsini na tisa! Mteremko bila injini, na kilima hatukupanda. Hamsini na tisa kwa lita!"

Binti alikuwa amekaa na miguu yake ndani ya beseni. "Nimefukuzwa kazi," akasema.

"Lo. Pole. Hao watu hawana utu." Akaandika kitu. "Dakika ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu!"

"Skuta iliwaka saa ngapi?" binti akauliza.

"Ah, hapo hapo. Nilibonyeza mara ya tatu ikawaka. Ulikuwa hujafika hata kwenye kibanda cha maji, nilikuwa nakuona."

Mama, aliyekuwa mlangoni, alishika fremu.

"Ulikuwa unaniona," binti akasema.

"Nilikuona vizuri."

"Na hukunifuata."

Bwana Wastani alicheka kidogo, cheko la mtu anayemweleza mtoto kwamba maji hutiririka kwenda chini. "Sasa mke wangu, ningekufuata si ungepanda?"

Hata yeye mwenyewe, Bwana Wastani, alisikia kwamba kuna kitu kimedondoka, akaangalia chini kama vile ni kalamu.

Mama ndiye aliyesema, na hakuinamisha macho. "Nilikuwa nasema moyoni huyu hana akili ya maisha, ana akili ya makopo tu. Nikajiambia ni kijana, atajifunza. Kumbe akili ilikuwepo. Ulipiga hesabu, ukamtia mwanangu ndani ya hesabu, ukaona amezidi."

"Mama, usinikosee heshima."

"Heshima nilikupa miaka mitatu. Imekwisha. Kama ni wastani, ugawanye mwenyewe."

Binti alitoa mguu mmoja kwenye beseni, kisha wa pili, akaikausha kwa pindo la kanga. Akaenda chumbani kwao akichechemea. Akatoka na mto wake, shuka lake, na ule mkasi wa kilo nzima na robo, akapita katikati yao.

"Mama, kitandani kwako pana nafasi?"

"Pana. Nitoe hayo majora ya kitambaa tu."

"Unakwenda wapi?" Bwana Wastani akasimama, daftari kifuani. "Na kesho nitaondoka na nani?"

"Peke yako," binti akasema bila kugeuka. "Utaona itakavyonusa."

Mama aliingia nyuma yake akafunga mlango. Walianza kuyashusha majora kutoka kitandani, la kijani, la bluu, lile zito la jinzi ambalo hushikwa na watu wawili, huku upande wa pili wa mlango mtu anabisha kwa kidole kimoja, anauliza kama kuna chakula.